Nani ameketi mbele ya kioo? Namna Linux inavyochunga sesioni za watu

Saa kumi na mbili jioni, ndani ya biro yenye ordinateri moja kwa watu watano. Mafuta ya jenereta imebaki kidogo. Yule anayefunga milango anabonyeza «Éteindre», lakini mashine haizimiki: inamwambia kwamba kuna mtumiaji mwingine bado yuko ndani, kisha inamuomba neno la siri la msimamizi. «Mukubwa, ordinateri inakatala kuzimika!» Jibu linatoka mlangoni: «Toa tu prizi.» Prizi inatoka. Kesho yake asubuhi, mwenzao aliyeacha ripoti wazi tangu saa nane anakuta kurasa tatu zimepotea, na biro nzima inasema kwamba Linux iko na kichwa ngumu.

Kumbe mashine haikuwa na kichwa ngumu. Ilikuwa inajua kitu ambacho wale wawili hawakujua: kwamba kazi ya mtu mwingine ilikuwa bado wazi nyuma ya ile waliyoiona kwenye kioo. Kujua nani yuko ndani, nani ameketi mbele ya kioo kwa dakika hii, na nani ameondoka bila kufunga, ndiyo kazi inayoitwa usimamizi wa sesioni. Haionekani, lakini karibu kila jambo linalotusumbua kwenye ordinateri ya watu wengi linatokana nayo: sauti inayokatika, mikro isiyosikia, kioo kinachojifunga, mashine inayolala katikati ya kazi.

Daftari la mlinzi

Wengi wanachukua neno la siri sawa vile ufunguo wa nyumba: ukishafungua, ufunguo unarudi mfukoni na mambo yamekwisha. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni daftari la mlinzi mlangoni. Mlinzi anaandika jina lako, saa uliyoingia na fasi unayokwenda, na daftari linabaki wazi mpaka utoke. Sesioni ni muda huo wote, pamoja na programu zote ulizofungua ndani yake.

Tufuate njia yenyewe. Umeme ukiingia, kiini cha Linux kinaamka kwanza, kisha programu inayoitwa systemd inaamsha huduma zingine moja kwa moja. Moja ya hizo huduma ndiyo inachora ule ukurasa wa majina ya watumiaji. Kwenye Ubuntu na Debian yenye meza ya GNOME inaitwa GDM. Kwenye Linux Mint ni LightDM. Wenye KDE Plasma mara nyingi wanakutana na SDDM. Sura zinatofautiana, kazi ni ile ile.

Ukiandika neno la siri, huo ukurasa hauhakikishi wenyewe. Unalipeleka kwa PAM, mfumo ambao wazo lake lilitoka kwa kampuni ya Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1990. PAM ni mfululizo wa vipande vidogo, kila kimoja na swali lake. Kimoja kinalinganisha neno lako na alama iliyohifadhiwa kwenye fishie /etc/shadow. Neno lenyewe halimo humo: kilichomo ni matokeo ya hesabu ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Kingine, chenye jina pam_systemd, kinakwenda kwa mlinzi wetu na kumwambia: huyu ameingia, kwenye kioo hiki. Mlinzi anaitwa systemd-logind.

Logind anaipa sesioni namba. Anakufungulia dosye yako ya muda, kwa mfano /run/user/1000, ambayo inakaa ndani ya RAM wala si kwenye diski, na mtumiaji mwingine wa kawaida hawezi kuiingia. Kila programu utakayoanzisha inahesabiwa chini ya sesioni yako, hata ikizaa programu zingine kumi. Ukifunga sesioni yako ya mwisho, ile dosye inafutwa. Ndipo baada ya hayo yote unaona picha ya nyuma na vitufe vyako. Kwa macho ya mtu ni sekunde chache tu.

Mikro ni ya nani?

Hapa ndipo jambo linagusa kazi ya radio, na ya kila mtu anayezungumza mambo ya siri mbele ya mashine.

Logind anatofautisha sesioni iliyo wazi na sesioni iliyo hai. Watu watatu wanaweza kuwa na sesioni wazi kwa wakati mmoja, lakini mbele ya kioo kimoja na klavie moja, ni moja tu iliyo hai: ile inayoonekana. Ukibonyeza «Changer d'utilisateur», sesioni yako inabaki na programu zako zote, lakini inapoteza uhai. Na haki ya kugusa vifaa inafuata uhai huo. Kadi ya sauti, mikro, kamera: logind anaondoa ruhusa kwa aliyetoka mbele na kumpa aliyeketi sasa. Juu ya hiyo wimbo uliokuwa unapiga kwenye sesioni ya mwenzako unanyamaza ukichukua nafasi yake. Siyo kifaa kimeharibika.

Faida yake si utulivu tu. Bila mpango huo, mtu angeacha programu ya kurekodi ndani ya sesioni yake, abadilishe mtumiaji, atoke nje kunywa chai, na mikro iendelee kusikiliza kila anayeketi baada yake. Mwandishi anayeongea na shahidi kwa simu pembeni ya ordinateri anapaswa kujua kama hilo linawezekana kwenye mashine ya biro yake.

Na mara nyingine linawezekana, kwa kosa la watu na si la mfumo. Kuna dawa ya zamani ambayo mafundi wengi bado wanatoa: sauti ikikataa, ingiza konti ya mtu katika kundi linaloitwa «audio». Sauti inarudi, kila mtu anafurahi. Lakini aliye katika kundi hilo iko na ruhusa ya kadi ya sauti siku zote, awe mbele ya kioo au awe mbali ameingia kwa mtandao. Daftari la mlinzi halina maana tena kwake. Siku ambazo ordinateri ilikuwa ya mtu mmoja, dawa hiyo haikudhuru. Kwa mashine ya watu wengi, ni afadhali kutafuta juu ya nini sesioni haikuandikwa vizuri kuliko kumpa kila mtu ufunguo wa mikro. Kujua aliye katika kundi hilo ni rahisi: andika «getent group audio» kwenye terminali, majina yatatokea. Lile la «pulse» ukiliona peke yake usishangae, hilo ni la huduma ya sauti.

Uzuri mwingine wa mpango huu ni kwamba logind anahesabu pia viti. Kiti, kwa lugha yake, ni kioo pamoja na klavie na panya yake. Ordinateri ya kawaida ina kiti kimoja, kinaitwa seat0. Lakini ukiongeza kadi ya pili ya kioo, klavie ya pili na panya ya pili, unaweza kumwambia logind kwamba hivi ni kiti kingine, na watu wawili watafanya kazi kwenye mashine moja, kila moja na sesioni hai yake. Kwa shule yenye mashine moja nzuri na vioo vingi vya zamani, ni jambo la kujaribu, hata kama kuliweka sawa kunaomba fundi mwenye subira.

Kwa nini ilikatala kuzimika

Turudi kwa ile jioni. Sheria ya kawaida kwenye Linux ya leo iko hivi: aliyeketi mbele ya kioo, akiwa peke yake ndani, anaweza kuzima bila kuuliza mtu. Kama kuna sesioni ya mtumiaji mwingine, ruhusa hiyo inapanda kwa msimamizi, na ndiyo maana neno lake la siri linaombwa. Mashine inajaribu kumlinda asiyekuwepo. Kutoa prizi ni kumruka mlinzi, na anayelipa ni yule ambaye hayupo.

Njia ya salama ni kurudi kwenye ukurasa wa majina. Kwenye GDM, aliye na sesioni wazi anaonyeshwa kwa alama pembeni ya jina. Kwenye terminali, neno «loginctl» peke yake linatoa orodha: namba ya sesioni, jina la konti, kiti. Ukijua jina, unapiga simu: «Mama, umeacha kazi yako wazi, tufanye nini?» Akiwa karibu anakuya kufunga mwenyewe. Akiwa mbali, na umeme unakwisha, msimamizi anaweza kuamuru «loginctl terminate-session» na namba. Lakini tuelewane: amri hiyo inaua programu zote za ile sesioni, na ambacho hakikuandikwa kwenye diski kinapotea. Ubora wake juu ya prizi ni mmoja: mfumo wa fishie unabaki mzima, na kazi za wengine haziguswi.

Msimamizi naye anapaswa kupatikana. Biro nyingi zina mtu mmoja tu anayejua hilo neno la siri, na saa kumi na mbili ameshakwenda nyumbani. Hapo tatizo siyo la Linux.

Kulala, na sekunde tano

Logind ndiye pia anasikia kitufe cha kuzima na kifuniko cha ordinateri ya mkononi. Kwa mpango wa kiwandani, kifuniko kikifungwa mashine inalala. Sesioni haifungwi: inabaki ndani ya RAM, na betri inaendelea kupungua pole pole. Betri ikiisha kabla ya chaja kurudi, sesioni imekufa pamoja na kila kitu ambacho hakikuhifadhiwa. Kwa mji ambapo umeme unakwenda siku mbili, kufunga kifuniko na kuondoka si sawa na kuhifadhi kazi, hata kama asubuhi tatu za kwanza ulikuta kila kitu fasi yake.

Programu zinaweza kumuomba logind asubiri. Kuna maombi ya aina mbili. Ya kwanza inasema: kabla ya kulala au kuzima, nipe nafasi kidogo nimalize. Muda huo kwa kawaida hauzidi sekunde 5, unatosha kufunga kioo au kuandika fishie ndogo. Ya pili inazuia kabisa mpaka iondolewe. Ile inafaa kwa programu inayochoma DVD au inayosasisha mfumo. Hata wewe unaweza kuiomba: ukianzisha kazi ndefu kwa «systemd-inhibit» mbele ya jina lake, tuseme kugeuza emisyo ya saa nzima kuwa MP3, mashine haitalala yenyewe katikati. Ukitaka kujua nani anazuia, «systemd-inhibit --list» inataja jina na sababu. Mbele ya kukasirikia mashine isiyolala, soma orodha hiyo kwanza.

Kufunga kioo siyo kufunga sesioni

Maneno haya mawili ya menyu yanachanganya watu. «Fermer la session» inamaliza: programu zinafungwa na jina linatoka kwenye daftari. «Verrouiller» inashusha pazia tu. Kila kitu kinaendelea nyuma yake, na sesioni bado inahesabika.

Pazia lenyewe halichorwi na logind. Yeye anatoa ishara, na meza unayotumia inachora ukurasa wa neno la siri. Kwa miaka mingi, chini ya mfumo wa zamani wa picha unaoitwa X11, pazia lilikuwa programu ya kawaida iliyofunika zingine. Ikianguka, kilichokuwa nyuma kilionekana. Mwezi wa Januari 2021 jambo hilo lilitangazwa kwa namna ya kuchekesha: mzazi mmoja anayetumia Linux Mint alieleza kwamba watoto wake walibonyeza ovyo, wengine kwenye klavie ya kweli na wengine kwenye ile ya kioo, mpaka pazia likaanguka na meza yake ikafunguka bila neno la siri. Watoto walirudia, ikatokea tena. Ilikuwa herufi moja, ē, kwenye klavie ya kioo, iliyokuwa inaangusha programu. Watengenezaji walirekebisha haraka, lakini somo lilikuwa limeshajulikana kwa wataalamu tangu zamani.

Mfumo mpya wa picha, Wayland, una kanuni ya kufunga iliyogeuza mambo: meza zinazoifuata zikipoteza pazia, kioo kinabaki kimefungwa. GNOME nayo imeweka pazia ndani ya meza yenyewe, hivyo chini ya Wayland meza ikianguka, sesioni inakufa badala ya kufunguka. Unapoteza kazi, lakini hauonyeshi siri. Ukiwa unatumia mashine ya zamani yenye X11, usiamini pazia peke yake kwa usiku mzima katika biro ya wazi. Funga sesioni.

Kuna pia wanaochoka kabisa na neno la siri na kuweka kuingia kwenyewe: umeme ukirudi, mashine inaingia moja kwa moja kwenye konti yao. Kwa kituo kinachopiga muziki usiku na umeme unaokatika, inaeleweka, na ile mashine ya kupiga muziki inaweza kuwa hivyo bila shida. Kwa mashine ya barua na ripoti ni kuacha mlango wazi. Utaona pia jambo moja la kushangaza: dakika moja baadaye inauliza neno la siri la «trousseau». Hilo ni sanduku ambamo GNOME inaweka maneno yako ya siri ya Wi-Fi na mengine, na kwa kawaida linafunguliwa na neno ulilotumia kuingia. Kama haukuandika neno, sanduku limebaki limefungwa. Wengine wanalipa sanduku neno tupu ili wasisumbuliwe. Sasa siri zote ziko wazi kwenye diski.

Daftari hili lilitoka wapi

Mbele ya logind kulikuwa ConsoleKit, iliyoanza kutumika karibu mwaka 2007. Logind ilikuja mwaka 2011 ndani ya mradi wa systemd, ambao Lennart Poettering alikuwa ameutangaza mwezi wa Aprili 2010. Mwezi wa Aprili 2015, Debian 8 na Ubuntu 15.04 zilitoka na systemd kama mpango wa kawaida, baada ya mabishano makali sana; wasiotaka systemd nzima walitoa logind peke yake na kuiita elogind, ambayo bado inatumika kwenye Linux kama Devuan na Void. Mwaka uliofuata ugomvi mwingine ulizuka: systemd 230 iliamua kwamba mtu akifunga sesioni, programu zake zote zilizobaki nyuma zifungwe. Waliozoea kuacha kazi ndefu usiku walipiga kelele, na Debian ikarudisha desturi ya zamani. Anayetaka ruhusa ya kuacha kazi nyuma anaipata kwa «loginctl enable-linger».

Ambacho mlinzi hawezi

Logind anachunga walio hai ndani ya mfumo. Hachungi diski. Mtu akichukua mashine na kuiwasha kwa kle ya USB yenye Linux yake mwenyewe, hakutani na daftari lolote, na fishie zako anasoma zote, isipokuwa kama diski ilifungwa kwa siri tangu siku ya kuweka mfumo. Msimamizi pia anaona kila konti. Na kwenye Ubuntu iliyowekwa mbele ya toleo 21.04, dosye ya nyumbani ya kila mtumiaji ilikuwa inasomeka na watumiaji wengine wa mashine ile ile: kuwa na konti tano hakukuficha ripoti ya mmoja kwa wanne. Anayetaka kurekebisha anaandika «chmod 750 ~» ndani ya konti yake, mara moja tu.

Yale yote yanaomba kwanza konti iwe ya mtu mmoja. Biro ambayo watano wanaingia kwa jina moja, «biro» au «radio», na neno la siri limebandikwa chini ya kioo, imempa mlinzi daftari lenye jina moja lililorudiwa. Hawezi kusema nani alifuta sauti ya mahojiano siku ya Jumanne, wala kumlinda aliyetoka na yule aliyeketi. Kufungua konti nyingine kunachukua dakika mbili kwenye «Paramètres», chini ya watumiaji, na msimamizi akiwa hapo.

Na kwa anayefunga milango jioni: rudi kwenye ukurasa wa majina, tazama kama kuna jina lenye alama, piga simu, kisha zima. Prizi itoke ya mwisho, kioo kikiwa kimeshakuwa cheusi.